Spika Juu ya Dungu

Buya mwanangu,

Umeondoka hapa na bodaboda kwenda Garsen kukata tiketi na kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia kabla hujala mara mbili. Basi nina muda. Nimekaa nje kwenye mkeka, mguu nimeunyoosha juu ya gunia la maganda kama daktari alivyosema, na nyumba imenyamaza hata namsikia kuku akiparura nyuma ya jiko. Nimeona nianze kuandika kukiwa bado na mwanga. Naandika Kiswahili kwa sababu Kipokomo nilifundishwa kukisema tu, kuandika hakuna aliyenifundisha.

Sitakuandikia habari ya kuweka simu mfuko wa ndani wala habari ya kula kabla ya kulala. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na akimaliza ataanza upya. Mimi nataka tuongee habari ya muziki. Usikunje uso. Najua tangu nilipovunjika mguu hutaki hata kulisikia neno hilo, na mimi kwa ubishi wangu nimejifanya sioni. Lakini kesho unakwenda Mombasa kusomea umeme, na watu wakiniuliza kwa nini umeme, jibu ninalo ila silisemi. Nyaya haziimbi, ndiyo sababu. Umetafuta kazi isiyokuwa na sauti. Unaondoka ukiamini kwamba wimbo wako ulikaribia kumuua baba yako, na ukienda na imani hiyo hutafungua tena mdomo kuimba maisha yako yote. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mengine yote utayaweza.

Tuanze na ubishi wetu, maana tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mimi nilikuwa nashikilia kwamba nyimbo za siku hizi hazina nguvu ya kumbadilisha mtu. Mtu anasikia asubuhi, jioni hakumbuki. Hazijamtoa mlevi kwenye mnazi wala hazijamshikisha mvivu jembe. Nawe unanijibu umelala chali na simu kifuani, "Baba, wewe una chuki na biti tu." Nami nakuuliza, nionyeshe mtu mmoja, mmoja tu hapa Chara, ambaye maisha yake yamegeuzwa na hiyo biti. Ulikuwa unageukia ukutani na simu yako. Nami nikikuona umegeuka nafurahi, najiona nimeshinda.

Mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Ushahidi wangu ulikuwa mama yako.

Nimekupa hadithi hii kwa vipande, na kila mara mama yako alikuwa akiingilia kuisahihisha, kwa hiyo hujawahi kuipata nzima. Wakati wa ujana wetu, kutoka hapa hadi kule mto unakokata kona, kulikuwa na dungu kila shamba, jukwaa la miti la kulindia mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, watu wote wanapanda juu na kombeo na debe, toka alfajiri mpaka ndege waende kulala. Na tulikuwa tukiimba, lakini usidhani ni kwa furaha. Jua la kule juu unalijua. Tuliimba ili mwenzako wa shamba la pili ajue kwamba bado upo. Wa kwanza anatoa sauti, "Nani yuko juu?" Wa pili anajibu, "Niko, sijashuka," anatia ubeti wake mwenyewe, halafu anauliza wa tatu. Hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha wimbo unarudi. Ukifika kwako, wimbo umeshabeba habari za watu wote: nani kajifungua, nani kafumaniwa, nani mtumbwi wake umetoboka na anajidai haukutoboka.

Na wimbo ukifika dungu fulani ukakatika, jirani anashuka kwenda kuangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Unaacha mpunga wako uliwe na ndege unakwenda kumtazama mwenzako. Mara nyingi unamkuta amelala, na maneno atakayoyapata hapo hatayasahau. Lakini siku moja moja unamkuta mtu ana homa hawezi kuinua kichwa. Wako watu wanaishi mpaka leo kwa sababu mtu alisikia kimya akashuka.

Dungu la mama yako lilikuwa upande wangu wa mawio. Sauti yake haikuwa tamu, nakuambia kweli sasa kwa vile hayupo kunikatiza. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo. Lakini beti zake, mwanangu! Alinisema mimi. Alisema ndege wa shamba langu wamenenepa hawawezi kuruka. Alisema nachelewa kuitikia kwa sababu naota ndoto ya kuolewa, nimesahau kwamba mwanamume huoa. Na mstari mzima wa madungu unasikia, watu wanacheka mpaka mtoni. Mimi ilinibidi nikae jioni nzima natunga majibu. Sikuwahi kufikiri kwa bidii namna ile shuleni.

Siku moja nikajipa moyo. Nikatia ubeti wa kumuuliza, mbele ya watu wote, kama baba yake angekubali kuwapokea wazee wangu. Nikangoja. Kimya. Wimbo umefika kwake umekatika. Nikauliza tena, "Nani yuko juu?" Kimya. Na wengine wote kule mbele wamenyamaza kwa sababu wanataka kusikia. Sasa mimi ndiye jirani, na desturi unaijua. Nikashuka. Nimekwenda shamba lile nusu naogopa ameumia, nusu naogopa hakuumia. Nikamkuta amekaa pembeni ya dungu, miguu inaning'inia, anakula muwa. Akaniangalia kutoka kule juu akasema, "Nilitaka nione kama utakuja."

Ndiyo nikaoa. Ndiyo ukapatikana wewe. Basi nikikuambia wimbo una nguvu, nilikuwa sisemi maneno ya kanisani. Nilikuwa nakutazama usoni naona pua yake.

Kosa langu, Buya, ni kwamba nilidhani nguvu ile ilikuwa ndani ya wimbo wenyewe, na kwamba nyie mmekuja na spika zenu mkaiua. Kumbe vitu vilishaanza kufa zamani, mimi sikutaka kuviangalia. Maji ya chumvi yalipanda kutoka baharini, upande wa Kipini, yakaingia mashamba ya chini, watu wakaacha mpunga. Mafuriko yakafuata yakabomoa mengine. Vijana wakaenda Malindi, Mombasa, Nairobi. Kila msimu nikipanda dungu naona mahali pengine patupu. Unauliza "Nani yuko juu?" na sauti inakwenda mbali sana kabla ya kukutana na mtu. Halafu mama yako akafariki, wewe ukiwa darasa la sita. Niliendelea kupanda. Lakini beti zilinikauka. Nilikuwa nikitoa sauti ya kuuliza na kujibu tu, bila neno jipya, kama mtu anayeamkia watu kwa mazoea. Mwisho tukabaki mimi na Mzee Komora wa ng'ambo ya mfereji, wazee wawili tunaulizana kama tuko.

Nyumbani nako tukabaki wawili, mimi nawe. Tukila, tunakula. Nikimaliza natoka. Ulikuwa ukiniita, "Baba, kaa kidogo," nami nasema nakwenda kuangalia mbuzi. Tulikuwa hatuna mbuzi. Mbuzi wa mwisho tulimchinja kwenye matanga ya mama yako, na wewe ndiye uliyemshika miguu. Siku uliyorudi kutoka Garsen, kutoka kile chumba cha nyuma ya kinyozi anachorekodia rafiki yako, umeshika simu kwa mikono miwili, ukaniambia, "Baba, sikiliza kidogo tu, ni wimbo wangu." Nami nikasema nini? Nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Nimefika nyuma ya nyumba nikasimama kando ya zizi tupu mpaka nikasikia umezima.

Sasa ile siku yenyewe. Tumeishi nayo miezi yote hii kama mgeni asiyetambulishwa, lakini hatujawahi kuizungumza.

Koo langu lilikuwa limekauka tangu wiki ya nyuma. Jana yake, Mzee Komora aliuliza, nikajibu, hakusikia. Akauliza tena. Mwisho akapiga kelele, "Mzee, umeshuka?" nami niko juu nimesimama, napunga kitambaa kama mtu anayesimamisha basi. Nilitahayari, Buya. Mimi niliyekuwa nikisikika mpaka kwenye kona ya mto. Kwa hiyo ulipotaka kwenda Garsen ukaniambia, "Baba, nikuachie spika, ndege wataogopa, nawe upumzishe koo," nilikubali haraka, ila nikakunja uso ionekane kama nakufanyia hisani. Uliifunga kwenye nguzo ya dungu kwa kipande cha neti ya mbu. Ukaiweka sauti ya wastani. Ulipokwisha kupotea kwenye njia, niliinuka nikaiongeza. Nikaongeza mpaka ikakataa kuongezeka. Sikuiongeza kwa ajili ya ndege. Nilitaka Mzee Komora asikie kelele upande wangu asiniulize kitu, asijue kwamba sauti yangu imekwisha.

Hebu fikiri. Mtu aliyelelewa katika desturi ile, anayejua kwamba sauti kutoka dunguni maana yake ni mtu mzima wa afya, anaweka chombo kiseme kwa niaba yake kwamba yu mzima. Wewe ni mtoto wa juzi, madungu yote yakiwa na watu hukuyaona. Mimi niliyaona. Kosa hilo lilikuwa langu.

Jua liliposimama nilishuka kunywa maji. Kile kijiti cha ngazi nilichokuwa nasema nitakifunga upya tangu msimu uliopita ndicho kilichokatika. Nilianguka mguu ukiwa chini yangu, na nilisikia mlio kama wa muwa unapovunjwa kwenye goti. Nikalala kati ya mpunga, matope mpaka sikioni. Nikaita. Sauti hakuna. Hata ingekuwepo, spika iko juu yangu inanguruma. Na ng'ambo ya mfereji Mzee Komora anasikia ngurumo hiyo anajua mwenzake yuko salama, anaendelea na ndege wake.

Ilikuwa inaimba nyimbo za watu wengine kwanza. Sikumbuki hata moja. Kisha ukaja mmoja, ukaisha, ukaja tena ule ule. Uliuweka ujirudie, sijui kwa kusudi au kwa kukosea. Mara ya kwanza nilimlaani huyo kijana anayeimba. Mara ya pili nikasema, sauti hii naijua. Halafu ngoma zikapungua, nikasikia ukiuliza, wewe Buya, kwa lugha yetu, "Nani yuko juu?"

Kisha ukanyamaza. Ngoma zinaendelea polepole lakini mtu hasemi. Uliacha pengo. Nikangoja nisikie mwenzako akijibu, nikidhani labda wewe na rafiki yako wa Garsen mmeimba wote. Hakujibu mtu. Pengo likapita, ukaendelea na maneno yenu ya Kisheng, ambayo siyajui yote, lakini yaliyobaki niliyasikia vizuri kuliko nilivyotaka. Nyumba ya watu wawili. Masufuria yanagongana, watu hawaongei. Mzee anaaga anakwenda kuangalia mbuzi, na zizi halina kitu.

Nilicheka. Nimelala pale mfupa umetokeza, nikacheka mpaka maumivu yakanitoa machozi, halafu machozi hayakusimama. Kumbe ulikuwa unajua. Na mimi nikijiona mjanja.

Baadaye maji yakaanza kuingia shambani. Unajua bahari inavyousukuma mto jioni ikikaribia, unajaa taratibu bila kelele. Nilikuwa na baridi, na usingizi ulikuwa unakuja, ule usingizi mtamu wa kukutisha. Nikajua nikilala nimekwisha. Wimbo ukarudi, ukauliza, "Nani yuko juu?" Nikajibu, "Niko." Kwa ile sauti ya kukwaruza, hata kunguru asingesikia. Ukarudi, nikajibu, "Niko, nimeshuka vibaya." Ukarudi, nikatia ubeti. Ubeti kamili, Buya, wa kwanza tangu tumzike mama yako. Nilikuambia habari ya ngazi. Nikakuambia habari ya mbuzi. Nikakueleza kwa nini nilikuwa nasimama zizini: kwamba wewe ukiongea unafanana naye, na mimi sikujua mtu anavumilia vipi kitu kama hicho mezani kila siku. Kila ulipouliza nilikujibu. Maswali uliyoniuliza nyumbani miaka yote ile nikayakimbia, niliyajibu siku hiyo nimelala matopeni, naijibu spika.

Kisha betri ikaisha.

Kimya kile sijawahi kusikia mfano wake. Ndege wakarudi wote mara moja. Nikafunga macho. Halafu nikasikia kwa mbali Mzee Komora anauliza kama niko juu. Akauliza tena. Halafu nikasikia maji yakichapwa na miguu, mzee wa umri ule anakimbia mferejini. Aliponiinamia alikuwa amepoteza kiatu kimoja, na neno lake la kwanza lilikuwa la hasira. "Tangu asubuhi naomba makelele yako yakome," akasema. "Yalipokoma ndipo nikaogopa."

Hiyo ndiyo habari nzima. Wewe unajua kuanzia hospitali tu. Ulisimama mlangoni mwa wodi hutaki kuingia. Ulipoingia ulitoa simu ukaufuta ule wimbo mbele yangu, na spika ukampa mtu wa bodaboda bure. Kijiji kizima kilikuwa kinasema spika ya kijana nusura imuue baba yake. Nilisikia, nikanyamaza. Nilikuacha ulibebe hilo kwa sababu kama ningesema kweli ningelazimika kuwaambia watu kwamba koo langu limekufa. Nilichagua kulinda sifa ya koo. Nimeandika hilo na bado naona aibu kulisoma.

Sasa nimebaki na lile swali letu na sina wa kubishana naye. Mzee Komora hasikii vizuri siku hizi, na kuku hawana hoja. Nimejaribu kubishana mwenyewe pande zote mbili. Siwezi kusema wimbo wako uliniokoa, kwa sababu bila kelele zake Mzee Komora angekuja mapema. Wala siwezi kusema uliniumiza, kwa sababu ngazi ni yangu na sauti niliiongeza mimi. Na bila wewe kuniuliza na kuniuliza tena ningelala usingizi. Yote ni kweli na hayakubali kukaa pamoja, nami nimechoka kuyasuluhisha.

Usidhani nimeongoka. Nyimbo nyingi za siku hizi bado naziona za bure. Ile ya mwenye bodaboda aliyekubeba leo, inayotikisa matumbo ya abiria tu, hiyo sitaisifu hata nikilipwa. Lakini tukisema haki, na zetu nyingi zilikuwa mbovu. Mjomba wako alikuwa na wimbo mmoja juu ya kiboko na mkwe wake, akiuanza watu walikuwa wakijifanya wamesinzia. Zile mbovu zilikufa, tukabaki na chache nzuri, tukadai zote zilikuwa hivyo. Wenzako nao watafanya vile vile wakizeeka.

Wewe uliniomba nisikilize, nikakataa, na mwishoni nilisikiliza kwa sababu sikuwa na mguu wa kukimbilia. Ulikuwa umenitengea nafasi ya kusema. Sijui ulijua unafanya nini ulipoliacha lile pengo, au ulikosa tu mtu wa kuitikia. Vyovyote vile, yule mtu mmoja wa Chara aliyegeuzwa na biti, niliyekuwa nakuuliza, leo jibu lake ninalo mimi. Sikulitoa mapema kwa kiburi.

Huko unakokwenda nilikaa mwaka mmoja kabla hujazaliwa, nikibeba magunia bandarini. Chumba changu kilikuwa na redio kila upande wa ukuta, juu na chini. Nikaugua siku kadhaa, nikanyamaza ndani, hakuja mtu. Hawakuwa watu wabaya. Kwao kimya kilikuwa kimya tu, na pengine walishukuru kwamba jirani hana fujo. Nilirudi huku nikasema mji hauna watu, na nikakosea, maana watu walikuwepo, ila mimi nilikaa nikingoja wasikie kitu ambacho sikukitoa. Wewe usikae hivyo. Sikuambii uwe mwanamuziki. Soma umeme wako, utakusaidia, na taa ya hapa nje inahitaji fundi. Ila usiende umeziba mdomo kwa ajili yangu. Mimi sikuuomba mdomo huo uzibwe.

Yule rafiki yako wa Garsen nimempigia simu. Wimbo anao, hakuufuta. Anasema alijua utaurudia. Ukiutaka, mwambie.

Kuna jambo la leo nilitaka kukuambia uso kwa uso nikashindwa, na hapa kwenye karatasi nitaweza. Mchana ulikuwa nyuma ya nyumba unafua nguo za safari. Ulidhani niko kwa Mzee Komora. Nilikuwa narudi na mkongojo wangu, pole pole, nimefika kwenye migomba nikakusikia unaimba. Bila spika, bila ngoma, povu mpaka kwenye viwiko. Nilisimama. Sikuthubutu kusogeza mkongojo usije ukagonga kitu ukashtuka. Mguu ulikuwa unaniwaka moto lakini nilisimama. Ukafika pale pa kuuliza, "Nani yuko juu?" ukanyamaza ukikamua shati. Ulinyamaza muda mrefu, Buya, mrefu kuliko kwenye ile ya kurekodi, ukiangalia upande wa shamba.

Nilijua nikitoa sauti utaacha. Ungeona aibu, ungeniomba radhi, ungemwaga maji uingie ndani, na usingeimba tena. Kwa hiyo nilijiziba mdomo kwa kitambaa. Ukaendelea na ubeti mpaka mwisho, ukaanika nguo, ukageuka ukaniona. "Baba, umefika saa ngapi?" ukauliza. Nikasema, "Sasa hivi tu."

Nilikuwepo tangu mwanzo. Na pale ulipouliza ukanyamaza, nilikujibu. Nilikujibu ndani ya kitambaa, ili usisikie, ili uendelee.

Ni mimi baba yako,
hapa nyumbani Chara.